Konzi ya Maharage Ndani ya Sufuria ya Bi Hindu

Sufuria ilirudi Ijumaa asubuhi, na huko kurudi ndiko kulikoharibu mambo. Ilikutwa uani kwa Bi Hindu, chini ya kamba ya nguo, imekaa juu ya mkeka, imetulia kama mgeni aliyefika mapema akakuta wenyeji bado wamelala. Bi Hindu alipiga kigelegele. Mjukuu wake Amal akashika mdomo. Faisal, mwana wa Bi Hindu, yeye aliitazama mara moja tu, akajipiga paja, akasema: "Si niliwaambia? Nestori ameogopa, ameirudisha!"

Ngoja kwanza nikueleze sufuria yenyewe, usije ukadhani sisi wa Rumonge, huku Burundi, tunagombania vyombo vya jikoni hovyo hovyo. Ni ya shaba, nene, na kwa upana wake mtoto wa miaka saba anaweza kuoga ndani na dada yake akapata nafasi. Ikiwa na pilau, wanaume wanne wanaibeba huku wakitukanana. Ikiwa tupu, mtu mmoja mwenye nia anaweza kuiburuta. Babu wa marehemu mume wa Bi Hindu alikuja nayo zamani akitokea Ujiji, na tangu siku hiyo hakuna harusi ya maana iliyopita kando yake. Waislamu wameolea kwayo, Wakatoliki wamesherehekea komunyo kwayo, na Wapentekoste, wanaokataa kila kitu, hiyo hawajawahi kuikataa. Bi Hindu hatozi chochote. Unaenda, unasema shida yako, unapewa. Sharti ni moja, tena si lake peke yake, ni letu sote huku: chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Ukiazimwa bakuli, lirudishe na mayai mawili, au kiazi, au hata chumvi kidogo. Ukilirudisha tupu, umemwambia mwenzako kwamba mmemalizana.

Basi sufuria hiyo ilipotea Jumanne, siku kumi na moja kabla ya harusi ya Amal. Ilikuwa imefungiwa ndani ya depo, yaani ghala dogo la nyuma ya nyumba. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili: mmoja mfukoni kwa Faisal, mwingine kiunoni kwa Nestori, zamu wa nyumba ile, mlinzi wao wa miaka kumi na miwili. Faisal hakuhitaji hesabu ndefu. Alimfukuza Nestori pale getini, saa nne asubuhi, wakati wanawake wote wanarudi kutoka sokoni, akamwita mwizi kwa sauti ya kuuza dawa ya panya. Akaongeza kwamba Jumatatu shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, anakuja, dosiye ya kesi itaandikwa, na Nestori ataeleza mbele ya watu. Mtu wa miaka hamsini na saba, mwenye wajukuu, anaitwa mwizi mbele ya wauza nyanya! Mimi nilikuwepo. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Ndipo Kornelia akaingia katika habari hii, kwa sababu Nestori ni mdogo wake wa tumbo moja.

Kornelia alikuwa mwalimu wa hesabu kule Mishamo, Tanzania, walikokimbilia na wazazi wao akiwa msichana wa miaka kumi, na walikotoka kurudi kwao yeye akiwa tayari bibi. Alirudi na vyeti, na Kiswahili cha kunyooka ambacho sisi tunamtania nacho hadi leo, na jicho. Jicho hilo ndilo linalotafutwa. Kitu kikipotea kartiye kwetu, watu hawaendi polisi, wanaenda kwa Mwalimu. Ndiye aliyegundua ni nani alikuwa akila ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye vitanda vya kukaushia pale ufukweni. Alikuwa mbuzi wa mwenyekiti wa chama, na mwenyekiti hajamsamehe. Ndiye aliyeikuta pete ya bibi harusi wa Muhuta ndani ya bonge la ugali. Hajivuni. Lakini ukimwambia "hakuna anayejua", anakuangalia kama umeandika mbili na mbili ni tano.

Safari hii, nakwambia, hakuwa na raha ya kutafuta. Kila hatua aliyopiga kwenda kwa Bi Hindu asubuhi ile ilikuwa na jina la mdogo wake ndani yake. Sufuria ikikosa mwizi mwingine kufika Jumatatu, mwizi ni Nestori, basi. Na mtu akishaitwa mwizi Rumonge, hata akienda kuishi Nyanza-Lac jina linamtangulia kwa basi la kwanza.

Akakuta uani watu wameizunguka sufuria, kila mmoja anaigonga na kuisifu.

"Amahoro, Mwalimu," akasema Faisal, bila furaha. Yeye si mtu mbaya, Faisal. Ni mtu wa haraka tu. "Umekuja kuona kazi ya ndugu yako?"

"Nimekuja kuona sufuria, baba," akasema Kornelia.

Wote walikuwa wakiitazama kwa nje, kama imepata mkwaruzo, kama imebonyea. Kornelia aliinama akatazama ndani. Chini kabisa, katikati, palikuwa na maharage. Si mengi. Konzi moja.

"Haya nani ameyaweka?"

"Ni uchafu tu, mama," akasema Faisal.

"Uchafu haukai kwa adabu hivi, katikati." Akainuka taratibu, mkono kiunoni. "Huyu aliyeirudisha ameshindwa kuirudisha tupu. Ameiiba, sawa. Ameirudisha kwa kificho, sawa. Lakini mkono ukamkatalia. Angalieni, jamani! Mwizi gani huyu mwenye heshima?"

Watu wakacheka. Bi Hindu hakucheka. Alikuwa amejishughulisha na ushungi wake. Amal akasema ana kitu jikoni.

"Ndiyo nasema ni yeye," akasema Faisal. "Nestori iko mutu wa heshima, mimi sijakataa. Mwizi wa heshima."

Kornelia alikuwa amechota yale maharage na kuyasogeza kwenye mwanga, na hapo roho ikamruka. Yalikuwa meupe, yenye doa jekundu kwenye jicho, kama mtu aliyelia. Hakuna maharage ya namna hiyo soko zima la Rumonge. Ni mbegu ya Mishamo. Siku ya kurudi, wenzake walipokuwa wanapakia magodoro na mabati kwenye lori, yeye alishona nusu kilo ya mbegu ile kwenye pindo la kitenge chake, ikavuka naye mpaka. Na kwa mbegu hiyo Kornelia ana mkono wa birika. Aliwapa watu wawili tu duniani: Eliana, binti yake wa ubatizo anayeishi Kigwena, na Nestori.

Akayafunga kwenye ncha ya kitenge, akaaga. Hakusema uongo. Hakusema kitu tu.

Nyumbani aliyahesabu, maana mwalimu wa hesabu akiwa na hofu huhesabu. Punje hamsini na tatu. Akayapangusa kidole: yana mafuta, yanateleza. Akayarudisha kwenye kitenge, akavuka barabara kwenda kwa mdogo wake, kama anakwenda kumwona mgonjwa.

Alimkuta Nestori akipigilia banda la kuku ambao hana.

"Unafuga?"

"Sifugi. Nifanye nini? Nikae?" Akapigilia msumari mwingine. "Miaka kumi na miwili, dada. Huyu Amal nilimpokea getini akirudi na kile kibegi cha shule ya msingi, amejichafua wino mpaka puani. Leo anaolewa, mimi naambiwa nisionekane. Sufuria yenyewe sijali. Nilitaka kufungua geti siku ile. Nilishanunua shati."

Kornelia aliokota msumari ulioanguka, akamkabidhi. Lakini kazi ni kazi. Akafungua ncha ya kitenge.

"Haya yamekutwa ndani ya sufuria. Nestori, niangalie. Ni wewe?"

Nestori aliyaangalia maharage, akamwangalia dada yake, akatua nyundo chini polepole.

"Yaani mimi niibe sufuria ya watu," akasema, "halafu niirudishe na maharage ambayo tunayo watu watatu tu Burundi nzima? Wewe ulinifundisha darasa la nne. Nilikuwa mujinga kiasi hicho?"

"Hapana. Hesabu za mafumbo tu ndizo zilikushinda."

"Basi."

Hata hivyo aliingia ndani, akatoka na chungu chake cha mbegu, akakiweka mbele yake kwa hasira. Maharage yake yalikuwa yamezikwa kwenye majivu, kama anavyohifadhi siku zote, kila punje imepauka kama kisigino cha mkulima. Yale ya sufuria yaling'aa. Kornelia aliyatazama haya, akayatazama yale, akashusha pumzi ndefu. Akamwomba mdogo wake samahani. Nestori akasema haina neno, ila akaendelea kupigilia banda kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Lakini Kornelia alijua: yeye ameridhika, Faisal hataridhika. Majivu huoshwa. Ukimpelekea shefu wa kartiye chungu cha majivu kama ushahidi, atakuuliza kama umekula.

Jumamosi, kazi za jamii zilipomalizika, akaomba nafasi kwenye kamioneti iliyokuwa inarudi Kigwena kuchukua mikungu ya chikichi. Alikaa mbele na dereva, kitenge mapajani, ziwa likiwa upande wa kulia njia nzima, buluu, halina habari na mtu. Dereva alitaka maongezi. Kornelia alimwambia ana meno yanauma.

Eliana na mume wake Mardochée wanakamua mawese. Uani kwao kila kitu ni chekundu: mapipa, mawe, hata bata. Eliana alipomwona mama yake wa ubatizo alimkumbatia na mikono yake ya mafuta, kitenge kikaharibika hapo hapo.

"Mbegu yangu iko wapi?" akauliza Kornelia, hata hajakaa.

"Yezu wee! Hata maji hujanywa!" Eliana akacheka. "Tuliipanda Septemba, tukavuna vizuri, halafu wakaja shemeji zangu sita kwa Pasaka. Sita, mama! Haikubaki hata ya dawa. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Kornelia alijishika kichwa. Hapa pia njia imefungwa. Na kama si Eliana, aliyebaki ni nani? Nestori. Akaketi juu ya kinu, akaeleza habari yote, tangu kufuli mpaka maharage, na mwishoni machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa sababu Mardochée alikuwa anasikiliza.

Eliana alichukua punje moja, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Mtu wa mawese hunusa kila kitu.

"Haya yamepakwa mafuta ya mamesa ili yasitobolewe na wadudu," akasema. "Ni mamesa yetu haya. Mama, si wewe uliyapaka? Siku ile nilikuja kwako baada ya Idi na bidoni la mafuta. Bi Hindu alikuwa amekuletea bakuli la sambusa. Ukasema huna hata yai la kumrudishia, ukachota maharage yako, ukayapaka mafuta yangu, ukamjazia bakuli. Mimi mwenyewe nililibeba mpaka getini kwake."

Kornelia alichukua punje ile, akainusa mwenyewe.

Ni kweli. Ni kweli kabisa! Na alikuwa amesahau. Usimcheke. Kwetu ukirudisha chombo cha mtu, unachoweka ndani hukiweki moyoni. Mtu anayekumbuka kwamba mwezi fulani nilimrudishia fulani vitunguu vitatu, huyo ana kasoro. Kornelia angeweza kukutajia idadi ya wanafunzi wake wa mwaka themanini na nane, lakini bakuli lile alilifuta siku ile ile, kama alivyolelewa. Alikuwa ametafuta aliowapa mbegu. Kurudisha bakuli si kutoa, hakukuhesabu.

"Basi yametoka jikoni kwake," akasema polepole. "Sufuria haijatoka nje ya ukuta ule hata siku moja."

Eliana akamwekea wali na ndagala wa kukaanga, na Kornelia akala sahani mbili. Tangu Jumanne chakula kilikuwa hakipiti.

Jumapili, baada ya misa ya pili, akaenda kwa Bi Hindu na gauni la kanisani bado mwilini. Nyumba ilikuwa inanukia iliki. Bi Hindu na Amal walikuwa wamekaa kwenye jamvi wanachagua mchele, na sufuria iko katikati yao, nusu yake imeshasuguliwa kwa ndimu na majivu, inawaka. Walikuwa wamefanana jinsi wanavyokaa, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooshwa. Amal mamake, dada yake Faisal, alifariki akimnyonyesha. Bi Hindu ndiye aliyemlea. Baada ya harusi, mume anamchukua kwenda Maskati. Kijana mzuri, Ghanim, Amal alimpenda mwenyewe. Lakini Maskati si Muhuta. Huendi Jumamosi ukarudi na embe.

"Karibu, dada Kornelia," akasema Bi Hindu. "Nitakuitia chai."

"Asante. Kwanza niitie Faisal."

Faisal alikuja akifunga vifungo, ametoka kulala. Kornelia akatandika kitambaa cheupe juu ya jamvi, akamwaga punje hamsini na tatu.

"Haya ni yangu," akasema. "Niliyaleta humu mimi mwenyewe, ndani ya bakuli la sambusa, baada ya Idi. Mafuta ni ya Eliana wa Kigwena, na yuko tayari kuja kusema. Ya Nestori yako kwenye majivu, nendeni mkaone. Kwa hiyo aliyerudisha sufuria aliyachota jikoni humu, na aliyeificha aliificha humu. Nestori alikuwa kwake anajenga banda la kuku."

"Na ufunguo?" akauliza Faisal. "Ufunguo ulikuwa kwangu!"

"Ukilala mchana, baba, suruali yako inalala wapi?"

Faisal akajipapasa mfukoni. Kila mtu kartiye anajua Faisal akishakula mchana unaweza kubomoa nyumba juu yake.

"Wewe sikushuku," Kornelia akaendelea. "Wewe maishani mwako hujawahi kurudisha bakuli la mtu. Usingekumbuka maharage."

Humo ndani wanaojua maharage yanakaa kopo gani ni wawili, na wote wawili walikuwa wameinamia mchele kama wanatafuta sindano. Ng'ambo ya ukuta jirani akawa anamwita mtoto wake: "Irakoze! Irakoze we!" Halafu Bi Hindu akainua uso.

"Ni mimi."

"Ni mimi," akasema Amal, sauti juu ya sauti.

Wakaangaliana.

"Usimsikilize huyu mtoto, nimeificha mimi, nyuma ya magunia ya mchele, nikatandika chandarua juu. Nilisema bila sufuria watasogeza harusi. Hata mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu ningeomba."

"Bibi, wallahi unasema uongo na umetoka kuswali!" Amal alikuwa analia na kucheka. "Ni mimi, Mwalimu. Nani atamfungia ushungi? Nani atamkumbusha dawa ya presha? Niliona wakisogeza harusi nitapata muda wa kumfundisha simu."

"Simu naijua!"

"Hujui, Bibi! Unanipigia picha ya sikio lako!"

"Nyote mnasema uongo," akasema Faisal, amechanganyikiwa kabisa, "au nyote mnasema kweli. Haya, ni rahisi. Mwalimu, waambie kila mmoja achote konzi moja, tuhesabu. Mama ana mukono mukubwa, Amal ana mudogo. Hamsini na tatu ni ya nani? Tumalize!"

Na hapo ndipo ninapompenda Kornelia, kwa sababu mimi ningekubali haraka. Hata yeye, nisikufiche, mkono ulimwasha. Lilikuwa fumbo zuri, na jibu liko hatua moja mbele. Aliwatazama wale wanawake wawili, jinsi mmoja alivyokuwa amemshika mwenzake kifundo cha mkono, asichote.

"Nilikuja kutafuta kitu kimoja," akasema. "Kwamba si Nestori. Nimekipata. Hayo mengine ni ya nyumba yenu."

"Dada, nisamehe," akasema Bi Hindu. "Hatukujua Faisal atamrukia Nestori. Tulipoona—" akasita. "Ilipoonekana Nestori amefukuzwa, usingizi ulikata humu ndani. Ndiyo maana ikarudi."

"Siwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya Nestori. Ulimi ulimwita mwizi getini, saa nne asubuhi. Ulimi huo huo utembee. Kwa miguu, Faisal. Pikipiki usipande. Na uende saa nne."

Jumatatu shefu wa kartiye alipokuja alipewa chai na kuambiwa sufuria ilikuwa imesahaulika nyuma ya magunia. Akaandika hivyo, akanywa chai mbili. Na saa nne kamili Faisal alitoka getini kwa miguu, amebeba mikononi bakuli la kauri la mama yake, limejaa halwa, wanawake wa sokoni wamesimama kila upande na vikapu vyao kichwani. Alikuwa anatoka jasho. Alipofika kwa Nestori alisema kwa sauti, kila mtu akasikia, kwamba alikosea, kwamba muzee Nestori hajaiba kitu, na kwamba geti linamngoja. Wengine walitaka kupiga makofi.

Nestori alipokea bakuli kwa mikono miwili. "Murakoze," akashukuru. Akaingia ndani, akafunga mlango. Basi.

Hakurudi kazini Jumanne. Hakurudi Jumatano. Bakuli pia halikurudi. Kornelia hakumwuliza, kuna mambo dada haulizi. Lakini Bi Hindu alikuwa kila akisikia geti anachungulia. "Akilirudisha tupu?" alimwuliza Kornelia Alhamisi, wakikatakata vitunguu. "Ana haki. Lakini mimi nitakufa, dada. Watu wawili watakuwa wametoka humu wiki moja." Kornelia alimwambia akate vitunguu.

Jumamosi ilifika. Moto ulikuwa umewashwa alfajiri, sufuria imekaa juu ya mafiga matatu kama haijawahi kumtesa mtu, na nyama ya ng'ombe mzima ikichemka ndani. Saa mbili asubuhi Kornelia alikwenda getini kupokea kreti za fanta. Juu ya ukuta mdogo, pale zamu anapoketi, palikuwa na bakuli la kauri, limefunikwa kwa sahani.

Bi Hindu alikuwa nyuma yake. Alisimama. "Lifunue wewe," akasema.

Kornelia alilinyanyua kwanza. Akausikia uzito wake, akaanza kucheka kabla hata hajafunua, akacheka mpaka machozi. Lilikuwa limejaa pomoni, maharage meupe yenye jicho jekundu, na majivu yake juu. Nestori alikuwa ametoa mbegu yake yote. Na geti likafunguliwa kutoka nje, yeye mwenyewe akaingia, shati jipya jeupe, limekunjika mabegani kwa kukaa kwenye karatasi.

"Wageni wameanza kufika," akasema, "na geti halina mtu. Mnafanya kazi gani humu?"

Bi Hindu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaung'ang'ania hivyo hivyo. Amal alitoka mbio chumbani, nusu ya nywele imesukwa, hina mpaka viwikoni, akamwona Nestori, akapiga yowe la furaha ambalo bibi harusi hatakiwi kupiga. Halafu akaliona bakuli.

"Haya yanaota Maskati?" akauliza.

"Yaliota Mishamo, yakaota Rumonge," akasema Kornelia. "Hayachagui. Ukiyashona kwenye pindo, hakuna anayeuliza."

"Basi nipeni sindano."

Wakaketi palepale kwenye ukuta, harusi ikiwa imesimama inawangoja. Bi Hindu akafumua pindo la nguo ya safari ya mjukuu wake, akatandika kitambaa. Amal akatumbukiza mkono ndani ya bakuli, akachota konzi moja, akaimwaga katikati ya kitambaa, vizuri, kwa adabu.

Macho ya Kornelia yalianza kazi yenyewe. Hajayatuma. Tano, kumi, kumi na tano. Ishirini na nane. Thelathini na sita. Arobaini na moja—

"Jamani, hivi pilau lina chumvi?" akasema kwa sauti, akainuka, akawapa mgongo, akaenda kwenye sufuria kuonja.